Mfupa wa Muundi Uliokatwa kwa Jiwe

Mtu wa Mbulu au wa Hanang akichinja mbuzi, kisha akaibandua nyama ya mguu kwa kisu kikali, mara nyingi kisu hugusa mfupa na kuacha mstari mwembamba. Mbwa akiutwaa mfupa ule, meno yake huacha alama za namna nyingine, pana na zenye kubonyea. Wachunguzi wa mambo ya kale huzisoma alama hizi kama sisi tusomavyo herufi. Leo, wasikilizaji wetu, twataka kueleza habari ya mfupa mmoja uliosomwa hivyo, nao ni mfupa wa kiumbe wa ukoo wetu wanadamu.

Ni kipande cha muundi kilichopatikana mwaka 1970 huko Koobi Fora, mashariki ya ziwa Turkana katika nchi ya Kenya, nacho kimewekwa katika makumbusho ya Nairobi. Umri wake ni yapata miaka 1,450,000. Mwaka 2017 Bibi Briana Pobiner, mtaalamu wa Marekani, aliutazama mfupa huo akitafuta alama za meno ya wanyama wakali. Badala yake akaona mikato iliyofanana na ya kisu. Akaitwalia chapa kwa dawa nzito watumiayo waganga wa meno, akampelekea mwenzake Michael Pante, wala hakumweleza ni chapa za nini. Pante akazilinganisha na alama 898 zilizofanywa makusudi kwa majaribio, ambazo kila moja yajulikana ilitokana na kitu gani. Katika alama 11, akakuta 9 ni za jiwe lenye makali, na 2 ni za meno, yumkini ya mnyama wa jamii ya simba. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2023.

Mikato hiyo ipo pale shavu la mguu lishikamanapo na mfupa, nayo yote yaelekea upande mmoja, kana kwamba mkono uliendelea kukata bila kugeuza jiwe. Pale ndipo penye nyama. Kwa hiyo wachunguzi wadhani kwamba aliyekata alikuwa na njaa, wala hakuwa akifanya ibada.

Je, alikuwa mla watu? Hapa hatuna budi kwenda polepole, kwani neno hili ni zito. Wageni wengi wa zamani waliwapachika watu wa Afrika jina hilo kwa uvumi tu, kama vile watu wa pwani nao walivyowahofu Wazungu kwa habari za mumiani. Tena mla watu, kwa maana yake hasa, ni yule alaye kiumbe wa jinsi yake mwenyewe. Zama zile jinsi kadha wa kadha za ukoo wetu ziliishi kando ya ziwa lile, na kipande cha muundi peke yake hakitoshi kutambulisha jinsi ya mwenyewe, wala mkono ulioshika jiwe haukuacha jina. Pengine ilikuwa kama simba kumla chui.

Na yule mnyama mwenye meno? Alama zake hazikupandana na mikato hata mahali pamoja, basi mfupa hautoi ushahidi wa nani aliyetangulia. Huenda mnyama aliua, wenye mawe wakamfukuza. Au huenda wao walikata wakashiba, naye akaja usiku kuguguna masazo.