Kabla hujalipa kodi ya chumba

Umemaliza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na safari hii hukupata kitanda hosteli. Kodi aliyokutumia mama unayo, na dalali anakuhimiza ulipe leo. Chumba kipo Sinza, kina vigae. Tatizo ni kwamba anayetaka mgawane kodi si mume wala mke wako.

Kabla hujalipa, fungua Mwanzo 13. Lutu alipopewa nafasi ya kuchagua, aliangalia bonde la Yordani lenye maji tele. Habari za majirani hakuuliza. Alianza kwa kupiga hema karibu na Sodoma tu. Ukifika sura ya 19 unamkuta ameketi langoni mwa mji, na nyumba anayo humo humo.

Nawe angalia maji, angalia kitasa, piga hesabu ya nauli. Kisha jiulize: nitaishi na nani? Nitasali wapi? Nikiugua usiku, nani atajua? Chumba cha kawaida Changanyikeni, pamoja na mwenzako mnayeomba naye, kinaweza kukufaa kuliko vigae vile.

Nanyi wazazi, msitume kodi mkanyamaza. Ulizeni mtoto anaishi wapi na nani.

Abramu alichukua upande uliobaki, na huko Hebroni akamjengea Bwana madhabahu. Chumba utakachopanga, je, utaweza kupiga magoti humo?