Hija ya Kibeho: Agosti mabasi hujaa, Novemba husuasua

Mahujaji wa Kibeho wanaotokea Mwanza hupitia Mkolani, kata ya jiji hilo, na baadhi ya waandaaji wa safari hizo wako hapo hapo. Kibeho, kijiji cha kusini mwa Rwanda, kimekuwa kikivuta watu tangu wasichana wa shule walipotokewa na Bikira Maria kuanzia Novemba 28, 1981, na zaidi tangu Kanisa lilipoyatambua matokeo hayo mwaka 2001.

Ofisa mmoja hutaja mahujaji nusu milioni kwa mwaka. Yawezekana. Ila hesabu hiyo huwaweka kapu moja mwanakijiji aliyekuja misa kwa miguu na Mtanzania aliyelipia basi na malazi. Tena Watanzania wengi hubeba mchele na viazi vyao; kinachobaki Kibeho ni fedha ya rozari, mishumaa na madumu ya maji ya chemchemi.

Mwandaaji mmoja wa Mkolani analalamikia karatasi. Basi hukodiwa zima, lijae lisijae. Wanajumuiya hulipa kidogo kidogo, kisha siku ya kuondoka wanakosekana wale ambao hati zao za dharura za kusafiria hazijatoka. Kiti kinaondoka kitupu, na mwenyewe anadai arudishiwe chake. Faida yote, asema, iko kwenye viti vichache vya nyuma. Akiulizwa kuhusu ahadi kwamba hati siku hizi hutoka upesi, anacheka. Halafu kuna wenye mabasi wasiotaka gari livuke mpaka wa Rusumo, kwa kuwa Rwanda huendesha kulia na si kila dereva amezoea.

Msimu nao una lake. Agosti 15, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, humkuta mkulima wa Usukumani ameshauza pamba au mpunga. Novemba 28, siku yenyewe ya Kibeho, humkuta akinunua mbegu. Michango ya Novemba hukwama.

Daraja la Kigongo–Busisi, la takriban kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwenye njia ya Sengerema, Geita na Lusahunga kuelekea Rusumo. Nafuu hiyo ingetarajiwa kumfikia hujaji, lakini mwandaaji wetu anasema bei ya kukodi basi haijashuka: wenye magari wanataja dizeli. Labda ushindani utaishusha, Agosti ikiwa nzuri na pamba ikilipa.