Unyevu Nyumbani: Mashine, Dirisha na Jiko la Mkaa

Kwetu Bukoba mvua hufikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mwezi wa Aprili nguo iliyoanikwa asubuhi huingizwa ndani jioni ikiwa bado mbichi, godoro hunuka uvundo, na kwenye pembe za chumba huota kuvu nyeusi. Wengi huona ni uchafu tu. Sivyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2009 kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupatwa zaidi na pumu na magonjwa ya njia ya hewa.

Siku hizi familia zenye umeme na uwezo huulizia mashine ya kukausha hewa. Feni yake huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye mabomba ya baridi. Mvuke hugeuka matone, kama yale ya nje ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na maji hudondokea katika tangi. Tangi limwagwe kila siku. Mashine ikiwa kazini, milango na madirisha yafungwe, la sivyo tutakuwa tunakausha Ziwa Victoria.

Lakini mashine haizibi bati linalovuja. Kabla ya kutoa fedha, bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mkikiziba pande zote, mkiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumba, unyevu ni wa hewa: mvuke wa sufuria, nguo mbichi, na pumzi zetu wenyewe. Yakitokea nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani. Tazameni paa, mifereji, na udongo uliorundikana kwenye msingi.

Kwa wengi wetu dawa ni rahisi zaidi. Madirisha yanayotazamana yafunguliwe kila mvua inapopumzika, na kitanda kisogezwe mbali na ukuta. Kuvu isuguliwe kwa maji ya sabuni, isifagiwe ikiwa kavu, maana vumbi lake huingia kifuani.

Jambo moja tunalikataza kabisa: kuingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili kukausha nguo za mtoto. Mkaa ukikolea na moshi kwisha, watu hudhani hatari imepita. Haijapita. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu; huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala anaweza asiamke tena. Mkimkuta mtu analalamika kichwa na kichefuchefu, au hazinduki, fungueni milango, mtoeni nje, mkampeleke hospitali mara moja.

Nguo za mtoto zikaushwe kwa pasi, na kama pasi ni ya mkaa, zipigwe barazani.