Utando Mweupe Mdomoni: Usisugue, Kapime!

Tuseme dereva wa lori kashuka Voi usiku, pale barabara ya Taveta inapochepuka kutoka ile kuu ya Mombasa. Aagiza pilau, lakini baada ya vijiko viwili aisukuma sahani kando. Chakula chamchoma. Ulimi umetanda weupe mfano wa maziwa yaliyoganda. Akiufuta kwa kitambaa, chini hubaki pekundu. Mwenzake amshauri asugue kwa chumvi.

Chumvi haitamfaa, msomaji. Huo ni ukungu uitwao kandida, na hakuuokota hotelini. Umo vinywani mwa watu wengi wenye afya, pengine hata mwako. Kinga ya mwili ndiyo huuzuia. Virusi vya Ukimwi vikishaidhoofisha kinga hiyo, ukungu huzagaa. Shirika la Afya Duniani huuhesabu, usipokoma, kuwa dalili ya daraja la tatu kati ya manne ya ugonjwa. Ukiteremka kooni na kumeza kukawa taabu, hilo ni la nne.

Lakini usimhukumu mtu kwa ulimi wake! Watoto wachanga huupata, na wenye kisukari, na waliotumia antibayotiki kwa muda mrefu. Kipimo cha damu ndicho kisemacho.

Mjini Voi kuna Hospitali ya Moi. Wa milimani wana Wundanyi, wa mpakani Taveta. Nistatini au flukonazoli huuondoa ukungu. Ila mwenye virusi asipotumia dawa za kupunguza makali, zilizoanza kutolewa bure katika hospitali za umma mwaka 2006, utarudi.