Uwanja wa gofu: fedha huzikwa chini ya nyasi

Mwekezaji akiletewa karatasi za mradi wa uwanja wa gofu, picha ya nyasi ndiyo hutangulia. Aiweke kando, aulize kwanza habari za udongo.

Uwanja wa mashimo 18 huhitaji hekta 50 hadi 75. Kupanda nyasi si kazi kubwa. Fedha huishia kwenye matingatinga ya kuhamisha udongo, mitaro, mabomba ya umwagiliaji na grini, yaani pale penye shimo. Kwa kipimo cha chama cha gofu cha Marekani, USGA, grini huwekewa changarawe sentimita 10, kisha mchanga maalumu sentimita 30. Grini ya meta za mraba 500 humeza meta za ujazo 150 za mchanga. Zidisha kwa 18, na malori bado hujayalipa.

Ndiyo maana bei hutofautiana mno. Sand Hills, Nebraska, uliofunguliwa mwaka 1995, ulitajwa kugharimu zaidi kidogo ya dola milioni 1, kwani vilima vya mchanga vilikuwapo tayari. Shadow Creek, Las Vegas, wa mwaka 1989, ulipita dola milioni 40. Ni jangwa, maelfu ya miti ililetwa. Liberty National, jirani na New York, ulifunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi iliyochafuliwa na viwanda. Huo ulitajwa kufikia dola milioni 250. Mashimo ni yale yale 18.

Ada za wachezaji ni nadra kurudisha fedha kama hizo. Vipingo Ridge, Kilifi, uwanja uliofunguliwa mwaka 2009 kwenye shamba la zamani la mkonge, ulijengwa sambamba na viwanja vya nyumba vya kuuza. Hapo ndipo penye biashara.

Wajapani walijaribu njia nyingine. Miaka ya 1980 wajenzi walichukua amana za wanachama bila riba, za kurejeshwa baada ya miaka 10 hivi, na hati za uanachama zikauzwa kwa madalali mithili ya hisa. Soko lilifika kileleni mwaka 1990, likaporomoka. Wanachama walipodai amana, fedha zilikwishageuka mabomba na mchanga. Kampuni nyingi zilifilisika. Goldman Sachs na Lone Star za Marekani zikanunua viwanja kwa bei ya chini, na wenye amana wengi wakaambulia sehemu ndogo tu ya walichoweka.