Simu Yako Ni Modemu Tosha: Jaza Fomu za Serikali Bila Kuvuka Bahari

Mwanafunzi wa Faza anayeomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, au mvuvi wa Kizingitini anayewasilisha ritani ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni, huenda akalazimika kupanda boti hadi mjini Amu kutafuta saiba. Fomu isipokamilika siku hiyo, hulipa nauli mara ya pili.

Hata hivyo, palipo na kompyuta na mtandao wa simu, safari hiyo si lazima. Simu ya kisasa hupokea intaneti kupitia laini na kuigawia kompyuta, kama modemu ifanyavyo, kwa kutumia bando ile ile uliyonunua.

Hatua za kufuata (simu ya Android)

1. Tayarisha kwanza stakabadhi zako kwenye kompyuta, kama vile nakala za kitambulisho na vyeti, kabla ya kuwasha data.
2. Washa data, kisha fungua mipangilio ya simu, sehemu ya mtandao na intaneti, na uwashe hotspoti. Majina ya sehemu hizi hutofautiana kidogo kati ya simu na simu.
3. Weka nenosiri lenye herufi zisizopungua 8.
4. Kwenye kompyuta, fungua Wi-Fi, chagua jina la simu yako na uandike nenosiri hilo.

Unaweza pia kutumia waya wa USB. Njia hii humfaa asiye na Wi-Fi kwenye kompyuta yake, na simu huendelea kupata chaji badala ya kuishiwa haraka.

Katika nyumba za mawe za Amu, Siyu na Pate, kuta nene hudhoofisha mtandao. Iweke simu dirishani au panda nayo orofa ya juu, na kompyuta iwe karibu.

Linda bando yako

Kompyuta ikipata intaneti huanza kupakua masasisho yenyewe, na bando inaweza kuisha kabla fomu haijatumwa. Kwenye Windows, bonyeza jina la mtandao wa simu yako na uwashe sehemu iliyoandikwa “Metered connection”. Funga pia video na kurasa usizozihitaji.

Jilinde

Hotspoti isiyo na nenosiri hutumiwa na yeyote aliye karibu. Izime mara unapomaliza. Ukitumia kompyuta ya mtu mwingine, ondoka kwenye akaunti yako na usikubali nenosiri lihifadhiwe humo. Malipo ya huduma za eCitizen hupitia Paybill 222222. Usitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi, wala usimpe mtu PIN yako ya M-Pesa.

Fomu ikishapokelewa, hifadhi au piga picha ujumbe wa uthibitisho. Huo ndio ushahidi wako iwapo kutatokea swali baadaye.