Wasomi wa Mbali, Mabinti wa Mwanza

Ukisikia redioni kwamba chuo kikuu cha hapa Mwanza kimetiliana mkataba na chuo kikuu cha Ulaya au Marekani, huenda unajisemea kwamba hayo ni mambo ya wasomi. Wao wana majoho yao na mikutano yao. Wewe una dagaa wa kuanika, ada ya kulipa na mtoto anayekohoa usiku kucha. Lakini, mama, mambo hayo yameshaingia nyumbani kwako. Ikiwa binti yako amechanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, naye akachomwa sindano moja tu badala ya mbili au tatu, ujue kwamba sehemu ya sababu ilipatikana hapa hapa Mwanza, kwa mabinti wa rika lake na wazazi wao waliokubali kutia saini.

Katika makala hii tutaeleza ushirikiano huo ulivyo, umetuletea nini sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria, na mama aulize nini kabla ya kumruhusu mtoto wake kushiriki utafiti.

Urafiki ulivyoanza

Hospitali ya Rufaa ya Bugando, ile iliyo juu ya kilima, ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka 2003 Kanisa Katoliki lilianza kufundisha udaktari hapo hapo, darasa la kwanza likiwa na wanafunzi 10 tu. Mmoja wa waliokitafutia chuo hicho marafiki ni Peter Le Jacq wa shirika la Maryknoll, padri ambaye pia ni daktari aliyesomea Cornell, Marekani. Chuo cha udaktari cha Cornell, kilichoko New York, kikashikana mkono na Bugando, na kwa miaka kadhaa chuo chetu kiliitwa Weill Bugando kwa heshima ya familia iliyotoa msaada mkubwa. Siku hizi kinajulikana kama CUHAS.

Marafiki wengine wapo. Mji wa Würzburg, Ujerumani, umekuwa na udugu na Mwanza tangu mwaka 1966, na chuo kikuu cha huko kinashirikiana na Bugando. Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, kilishirikiana na CUHAS pamoja na Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, katika mradi wa Mama na Mtoto wilayani Misungwi na Kwimba. Wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kuwatembelea wajawazito na watoto wachanga majumbani, na vituo vya afya vikaimarishwa. Mbinu hiyo ilikwisha kutumika Uganda kabla ya kuletwa kwetu. Basi tusidhani kwamba ujuzi hutoka Ulaya na Marekani peke yake. Jirani naye ana la kutufundisha.

Kubadilishana wanafunzi ni sehemu ya urafiki huu. Kijana wa New York aliyesoma habari za kichocho na malaria vitabuni tu, huku anamkuta mgonjwa mwenyewe. Kijana wetu akienda huko, anaona vipimo na mashine ambazo hospitali zetu nyingi hazina. Kila mmoja hurudi na kitu. Mama mwenye binti anayependa sayansi asimkatishe tamaa kwa kumwambia kwamba hayo ni ya wavulana. Amwongoze, amwombee, na ampunguzie zile kazi za jioni zinazomnyima muda wa kusoma.

Danieli na mboga za majani

Wengi wetu tukisikia neno utafiti tunaogopa. Zile hadithi za mumiani tulizosimuliwa utotoni bado zimo vichwani mwetu. Lakini msomaji wa Biblia ameshakutana na jambo linalofanana na utafiti. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli, vijana wanne wanaomba wajaribiwe kwa siku 10. Wao wale mboga na kunywa maji, kisha walinganishwe na vijana wanaokula chakula cha mfalme.

Angalia mambo yaliyomo. Kuna makundi mawili, kuna muda uliowekwa, na kuna mtu wa kuyatazama matokeo. Tena Danieli hakulazimishwa. Aliomba mwenyewe, akijua anachokifanya. Watafiti wa leo hufuata njia iyo hiyo, ila wao mara nyingi hupiga kura kuamua nani aingie kundi gani, ili pasiwe na upendeleo.

Mwanza iliyofundisha dunia

Mwaka 1991, UKIMWI ulipokuwa unamaliza familia zetu na dawa za kuurefusha uhai hazijapatikana, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ilishirikiana na AMREF na chuo cha afya na magonjwa ya nchi za joto cha London. Walichagua jumuiya 12 za mkoa wa Mwanza. Katika 6, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na dawa zikahakikishwa zipo. Zile 6 nyingine zilisubiri ili zilinganishwe. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: mahali palipotibiwa vizuri, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa karibu 40 katika kila 100. Utafiti uliofanyika baadaye Rakai, Uganda, kwa njia tofauti, haukupata upungufu huo, na wataalamu wakabishana kwa miaka mingi. Ndivyo ujuzi unavyochujwa. Hata hivyo jina la Mwanza lilibaki vitabuni.

Baadaye ikaja zamu ya makanisa. Tohara kwa wanaume hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya UKIMWI, lakini Wasukuma kwa asili hawatahiri, na Wakristo wengine waliona kwamba jambo hilo ni la Waislamu. Kati ya mwaka 2014 na 2015 watafiti wa Bugando na Cornell waliwapa semina viongozi wa makanisa katika vijiji 8, wakavilinganisha na vijiji vingine 8. Palipofundishwa viongozi, wanaume waliotahiriwa walifikia karibu 53 katika kila 100. Pasipofundishwa walikuwa karibu 30. Wachungaji na makatekista walifungua mlango ambao mabango peke yake hayakuufungua.

Watafiti hao wameeleza pia jambo linalowahusu akina mama wanaofua na kuchota maji ziwani. Kichocho kinaweza kushambulia via vya uzazi vya mwanamke, kikaleta damu, maumivu wakati wa tendo la ndoa, hata ugumba. Dalili zake hufanana na za magonjwa ya zinaa, na ndoa zinaweza kuingia matatani kwa shutuma zisizo za haki. Dada, kabla ya ugomvi, nendeni hospitali. Dawa ya kichocho ipo, nayo humezwa.

Sindano moja

Sasa turudi kwa mabinti. Saratani ya mlango wa kizazi huwaua wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Karibu mara zote huletwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho hupatikana kwa kujamiiana. Chanjo yake hufaa zaidi binti akichanjwa kabla hajaanza mambo hayo, ndiyo maana hupewa wasichana wadogo.

Miaka ya 2010 na 2011 chanjo hiyo ilijaribiwa kugawiwa katika shule za msingi 134 mkoani Mwanza, ili ijulikane njia bora ya kuwafikia wasichana. Baadhi ya wazazi waliogopa kwamba mabinti wao watakuwa wagumba. Hofu hiyo si ya kuchekwa, kwani kwetu uzazi ni heshima ya mwanamke. Lakini chanjo hii imetolewa kwa mamilioni ya wasichana duniani, na haijaonekana kuwafanya wagumba. Kinachoweza kumwondolea mwanamke kizazi ni hiyo saratani yenyewe.

Kikwazo kingine kilikuwa gharama na usumbufu. Mwanzoni kila binti alitakiwa kuchomwa sindano tatu, baadaye mbili. Je, moja ingetosha? Kuanzia mwaka 2017, kitengo cha utafiti cha Mwanza kiitwacho MITU, pamoja na NIMR, chuo kile cha London na taasisi ya saratani ya Marekani, kiliwaandikisha wasichana 930 wa Mwanza wenye miaka 9 hadi 14. Kwa kura, wengine walipata sindano moja, wengine mbili, wengine tatu, kisha damu yao ikapimwa. Baada ya miaka miwili, karibu wote waliopata sindano moja walikuwa na kinga mwilini dhidi ya aina mbili za kirusi hicho zinazoleta saratani nyingi zaidi. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, na pia Thika na Nairobi, utafiti mwingine wa wasichana na wanawake vijana 2,275 ulionyesha kwamba sindano moja inazuia maambukizo.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba nchi zinaweza kutumia sindano moja. Tanzania, iliyoanza chanjo hii kwa sindano mbili mwaka 2018, ikahamia sindano moja Aprili 2024, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo inayotosha binti mmoja kwa sindano mbili sasa inatosha mabinti wawili. Huo ni mchango wa watoto wa Mwanza kwa watoto wa dunia.

Mama aulize nini?

Mtoto wako akiombwa ashiriki utafiti, usikatae kwa hofu wala usikubali kwa aibu. Uliza kwa heshima:

1. Utafiti huu umeidhinishwa na nani? Utafiti wa afya nchini lazima upate kibali cha maadili.

2. Mtoto wangu atafanyiwa nini, mara ngapi, na kuna madhara gani?

3. Damu au mkojo wake utapelekwa wapi, na utahifadhiwa muda gani?

4. Akipata tatizo, nani atamtibu na kwa gharama ya nani?

5. Matokeo mtatuletea lini hapa kijijini?

Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa. Kama husomi, aje shahidi unayemwamini. Zungumza na baba watoto, na mtoto mwenyewe aulizwe kama anataka. Mna haki ya kujitoa siku yoyote, na mtoto asinyimwe matibabu ya kawaida kwa sababu hiyo. Mtafiti mwema hakasirikii maswali.

Tusifiche pia upungufu uliopo. Fedha nyingi hutoka upande mmoja, na mwenye fedha mara nyingi ndiye anayechagua swali la kutafitiwa. Vijana wao huja kwetu kwa urahisi kuliko wetu wanavyopata viza ya kwenda kwao. Na viko vijiji vinavyotoa damu lakini havirudishiwi jibu. Urafiki wa kweli ni kupeana. Dawa ya upungufu huu ni vyuo vyetu kuwa na wasomi wengi, wakiwemo mabinti zetu, watakaouliza maswali yanayotuuma sisi wenyewe.

La kufanya mwezi huu

Kama una binti wa miaka 9 hadi 14 ambaye hajachanjwa, ulizia shuleni kwake au katika kituo cha afya kilicho karibu. Chanjo hailipiwi. Nawe mwenyewe usijisahau: chanjo ya binti haikukingi wewe. Mwanamke, hasa kuanzia miaka 30, anapaswa kupimwa mlango wa kizazi. Kipimo cha siki ni cha muda mfupi, na dalili za mwanzo hutibika kabla hazijawa saratani. Wenye virusi vya UKIMWI waanze mapema zaidi, kwa ushauri wa kliniki yao.

Mwezeni mwenzako wa kwaya au wa jumuiya twende wawili wawili, kama wanafunzi wa Bwana walivyotumwa. Tukienda pamoja, woga hupungua. Na wale mabinti 930, ambao sasa wanakuwa wanawake, tuwakumbuke katika sala zetu. Walinyoosha mikono yao ili mabinti zetu wachomwe mara moja tu.